KUKOSA MTOTO: NENDENI WOTE WAWILI



Mtoto ni furaha ya nyumba. Watu wakioana, jamaa huanza kuhesabu miezi. Mwaka ukipita bila mimba, wanaanza kunong'ona. Na wanaponong'ona, jina linalotajwa ni la mke. Husema, "Mke huyu ni tasa." Ni mara chache kusikia mtu akisema, "Labda ni mume."

Katika somo hili tutajifunza kwa nini mume na mke hukosa mtoto. Tutajifunza hospitali inaweza kuwasaidia namna gani. Tutajifunza pia jinsi ya kuitunza mimba iliyopatikana kwa shida. Soma polepole. Ukimaliza, msomee mwenzako wa nyumbani.

1. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Mume na mke wameishi pamoja miaka minne. Hawajapata mtoto. Mama wa mume anamwambia mwanawe, "Mwanangu, shamba hili halioti. Tafuta jingine." Mume anasikiliza. Mke anarudishwa kwao na sanduku lake la nguo. Mume anaoa mke mwingine.

Miaka miwili inapita. Mke wa pili naye hapati mimba. Wakati huo yule mke wa kwanza ameolewa kijiji cha pili. Siku ya gulio watu wanamwona amebeba mtoto mgongoni.

Je, shamba lilikuwa na kosa gani?

Mkulima mwenye akili, mahindi yake yasipoota, haulaumu udongo tu. Hufukua pia mbegu akaitazama. Huenda imeliwa na wadudu. Basi na sisi tufanye hivyo hivyo. Tusimhukumu mtu kabla ya kupima.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023. Taarifa hiyo ilisema kwamba karibu mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani hupata tatizo la kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba moja wala si la kabila moja. Pia si jambo la wanawake peke yao. Katika nyumba nyingi zenye tatizo hili, karibu nusu yake, mume naye huwa na kasoro. Wakati mwingine kasoro iko kwa mume tu. Wakati mwingine iko kwa wote wawili.

2. MIMBA HUTUNGWA NAMNA GANI?

Mwanamke ana mji wa mimba. Kila upande wa mji huo kuna mrija mmoja mwembamba. Karibu na mwisho wa kila mrija kuna kokwa ya mayai. Kwa kawaida, kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka katika kokwa. Yai hilo ni dogo sana. Huingia katika mrija na kuanza safari ya kwenda kwenye mji wa mimba.

Mbegu za mume huogelea kutoka ukeni, hupita katika mji wa mimba, na kuingia katika mrija. Humo ndimo zinamokutana na yai. Mbegu moja ikiingia ndani ya yai, mimba hutungwa. Baada ya siku chache mimba hiyo changa hufika katika mji wa mimba na kujishikiza humo.

Yai huishi karibu siku moja tu baada ya kutoka. Mbegu za mume zinaweza kuishi ndani ya mke hadi siku 5. Mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku 28, yai lake hutoka karibu siku ya 14, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni zile chache kabla ya siku hiyo, na siku hiyo yenyewe. Mume anayefanya kazi mbali, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, anaweza kuzikosa siku hizo kila mara. Hapo hakuna mgonjwa. Ni siku tu hazikupatana.

Sasa tunaona kwamba mambo manne yanahitajika. Yai litoke. Mbegu ziwe nyingi na zenye nguvu. Mrija uwe wazi. Mji wa mimba uwe mzima. Likikosekana hata moja, mimba haipatikani au haikai.

3. SABABU ZILIZO KWA MKE

Sababu ya kwanza ni mirija kuziba. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilichunguza jambo hili katika nchi nyingi. Ilionekana kwamba mirija iliyoziba ilikuwa mingi zaidi katika bara letu la Afrika kuliko mahali pengine.

Mirija huzibwa na nini? Mara nyingi huzibwa na makovu ya ugonjwa. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia hupanda kutoka ukeni mpaka kwenye mirija. Humo husababisha usaha na uvimbe. Ugonjwa ukipoa, kovu hubaki. Vile vile vijidudu huweza kuingia wakati wa kujifungua mahali pachafu, au mimba inapoharibiwa kwa siri na mtu asiye na ujuzi. Ndiyo sababu mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza bila shida anaweza kushindwa kupata wa pili.

Sababu ya pili ni yai kutotoka. Mwanamke wa namna hii mara nyingi hupata hedhi kwa kurukaruka, au haipati kabisa.

Sababu ya tatu ni umri. Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Hayaongezeki. Baada ya miaka 35 hupungua upesi, na yanayobaki huwa dhaifu zaidi.

Kuna sababu nyingine pia, kama uvimbe katika mji wa mimba, na kifua kikuu kilichoingia katika via vya uzazi.

4. SABABU ZILIZO KWA MUME

Wanaume wengi husema, "Mimi nina nguvu zangu. Siwezi kuwa na tatizo." Hapa ndipo tunapokosea. Nguvu za kiume ni jambo moja. Mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili, na maji yake yakatoka kama kawaida, lakini ndani yake mkawa na mbegu chache mno, au mbegu zisizoogelea, au pasiwe na mbegu kabisa. Huwezi kuona kwa macho. Lazima zitazamwe kwa darubini.

Mbegu huharibika kwa sababu nyingi. Kisonono huweza kuziba njia ya mbegu. Ugonjwa wa matumbwitumbwi, ukimpata kijana aliyekwisha balehe, huweza kuingia katika korodani na kuziharibu. Wengine wana mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani. Wengine korodani zao hazikushuka tangu utotoni. Tumbaku na pombe nyingi nazo hupunguza nguvu ya mbegu.

Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa. Kwa hiyo mume akiacha sigara leo, asitegemee mabadiliko kesho. Avumilie.

5. NENDENI LINI, NA HUKO WATAFANYA NINI?

Ikiwa mnaishi pamoja, mnakutana mara kwa mara, hamtumii njia ya kuzuia mimba, na mwaka mzima umepita bila mimba, nendeni hospitali. Ikiwa mke amefika miaka 35, msingoje mwaka. Nendeni baada ya miezi 6. Ikiwa mke hapati hedhi, au mmoja wenu aliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa, nendeni mapema zaidi.

Anzeni katika zahanati au kituo cha afya. Huko mtapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Nendeni wote wawili siku moja. Mganga atawauliza maswali ya ndani. Msione haya, na msifiche. Mganga mwema hutunza siri.

Kipimo cha mume ni rahisi. Huambiwa akae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Kisha hutoa manii katika chombo safi, na chombo hicho hufikishwa maabara kabla saa moja haijapita. Hachomwi sindano wala hapasuliwi. Vipimo vya mke ni vingi zaidi, vina gharama zaidi, na vingine vina maumivu. Mojawapo ni kutiwa dawa katika mji wa mimba, kisha kupigwa picha ya eksirei, ili ionekane kama mirija iko wazi. Je, ni haki mke apitie yote hayo, halafu iwe mume hajapimwa hata mara moja?

Baada ya vipimo, wengi husaidiwa kwa njia za kawaida. Wenye ugonjwa wa zinaa hutibiwa, wote wawili kwa pamoja, na humaliza dawa zote. Mke ambaye yai lake halitoki huweza kupewa vidonge vya kulifanya litoke. Mishipa iliyovimba kwa mume huweza kupasuliwa. Mirija mingine huweza kufunguliwa kwa upasuaji.

Watu wengi huanza kwa mganga wa kienyeji. Hatusemi ili kumdharau mtu. Lakini mrija wenye kovu haufunguki kwa dawa ya kunywa. Na dawa za kutia ukeni huweza kuleta ugonjwa mpya. Mwanamke akizunguka kwa waganga miaka mitano, mayai yake hayamngojei.

6. MTOTO ANAYETUNGWA NJE YA TUMBO

Huenda umesikia habari za "mtoto wa chupa". Watu wengine hudhani mtoto huyo hukulia chupani miezi tisa. Sivyo. Tueleze.

Huko Uingereza alikuwako mama mmoja, Lesley Brown. Yeye na mumewe walitafuta mtoto miaka 9. Mirija yake ilikuwa imeziba. Mtaalamu Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na msaidizi wao Jean Purdy walikuwa wamefanya utafiti kwa miaka mingi. Walichukua yai la mama huyo, wakalikutanisha na mbegu za mumewe katika chombo cha maabara. Mimba ilipotungwa, waliirudisha katika mji wake wa mimba. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, alizaliwa mtoto wa kike, Louise Brown. Alikuwa mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo. Mwaka 2006 Louise naye alijifungua mtoto, na mimba yake ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Afrika Mashariki njia hii imefika pia. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hii mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Tanzania nayo huduma hii ipo katika miji mikubwa.

Kazi yenyewe huenda hivi:

(a) Mke huchomwa sindano kwa siku 10 au zaidi ili mayai mengi yakomae pamoja.

(b) Daktari huyatoa mayai kwa sindano ndefu.

(c) Mayai hukutanishwa na mbegu za mume katika maabara.

(d) Baada ya siku 3 hadi 5, mimba changa hurudishwa katika mji wa mimba.

(e) Baada ya wiki 2 hivi hupimwa kama imeshika.

Lakini tuambiane ukweli. Njia hii ni ghali. Ni mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja. Na si kila jaribio hufaulu. Hata Uingereza, kwa wanawake walio chini ya miaka 35, kila mara mimba changa inaporudishwa, karibu mara 1 tu kati ya 3 huzaliwa mtoto. Kwa wenye miaka zaidi ya 40 ni chini ya hapo sana. Kwa hiyo mtu asiuze shamba lote na ng'ombe wote kabla ya kuuliza daktari maswali haya: Tatizo letu ni nini hasa? Je, kuna njia nyingine? Kwa mtu wa umri wangu, wangapi hufaulu? Gharama yote ni kiasi gani? Jaribio lisipofaulu, itakuwaje?

Daktari akikuahidi kwamba lazima utapata mtoto, shika fedha zako vizuri.

7. MIMBA IKIPATIKANA, KAZI BADO

Wengine wakipata mimba baada ya kungoja muda mrefu, huificha. Wanaogopa maneno ya watu. Hawaendi kliniki mpaka tumbo limekuwa kubwa. Hili ni kosa kubwa, maana mimba ya namna hii ndiyo inayohitaji kutazamwa mapema.

Hatari ya kwanza ni mimba kutunga nje ya mji wake. Mwanamke ambaye mirija yake iliwahi kuugua yumo katika hatari hii. Mimba changa hukwama katika mrija na kukua humo. Mrija ni mwembamba. Hupasuka, na damu humwagikia tumboni. Dalili zake ni hizi: hedhi imekosekana, tumbo la chini linauma, mara nyingi upande mmoja, damu kidogo inatoka ukeni, na mama anasikia kizunguzungu au kuzirai. Wengine husikia maumivu begani. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Tafuta gari, baiskeli au machela, mama afike hospitali usiku huo huo. Hata mimba iliyosaidiwa na maabara huweza kutunga nje.

Hatari ya pili ni mimba ya pacha. Zamani madaktari waliweka mimba changa kadhaa kwa pamoja ili moja ishike. Mara nyingine zilishika mbili au tatu. Watu walifurahi, lakini pacha huzaliwa mara nyingi kabla ya wakati, wakiwa wadogo. Na mama wa pacha hupungukiwa damu upesi. Siku hizi wataalamu hushauri kuweka moja tu, hasa kwa mwanamke kijana.

Hatari ya tatu ni shinikizo la damu kupanda. Lesley Brown mwenyewe lilimpata. Madaktari waliliona mapema kwa sababu walikuwa wakimpima, wakamzalisha kwa upasuaji. Laiti asingepimwa, labda leo tusingekuwa na habari njema ya kusimulia. Shinikizo likiachwa huleta kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto.

Kwa hiyo mama aende kliniki kabla ya wiki 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama ahudhurie angalau mara 8 mpaka kujifungua. Huko atapimwa shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, kaswende na Virusi vya Ukimwi. Atapewa vidonge vya kuongeza damu, na kinga ya malaria mahali penye malaria. Amweleze mkunga kwamba alikawia kupata mimba, na dawa gani alitumia. Asifiche.

Aende hospitali mara moja akiona lolote kati ya haya: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, degedege, au mtoto kuacha kucheza.

8. ASIYEPATA JE?

Wako watakaopimwa na kutibiwa, na bado wasipate mtoto. Watu hao si nusu ya watu. Ndoa si mtoto tu. Wako wanaolea watoto wa ndugu zao wakawasomesha, na leo watoto hao ndio wanaowajengea nyumba. Anayetaka kumchukua mtoto asiye na wazazi amfanye wake kwa sheria, aende ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya akaulize utaratibu.

Nasi majirani tuna wajibu wetu. Tuache kumwita mtu tasa. Tuache kumnyima mtu kumbeba mtoto mchanga kwa kuwa yeye hajazaa. Neno la namna hiyo haliponyi mrija wala haliongezi mbegu. Huumiza tu.

9. TUKUMBUKE

Kukosa mtoto huweza kutoka kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

Mwaka mmoja ukipita, nendeni hospitali pamoja. Kipimo cha mume kifanywe mwanzoni.

Tibuni magonjwa ya zinaa mapema, wote wawili. Vijana wetu nao wafundishwe hayo kabla hawajaoa.

Mama ajifungulie mahali safi, penye mkunga mwenye ujuzi.

Mimba iliyongojewa muda mrefu ipelekwe kliniki mapema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chetu, nyumba ikikosa mtoto, nani hulaumiwa? Kwa nini?

2. Mume katika mfano wetu alipaswa kufanya nini kabla ya kumrudisha mkewe kwao?

3. Kwa nini ugonjwa wa zinaa hutibiwa kwa mume na mke pamoja?

4. Taja dalili tatu za mimba iliyotunga nje ya mji wake. Usiku, kijijini kwetu, tungempelekaje mgonjwa hospitali?

5. Andika sentensi tatu ambazo ungemwambia ndugu yako wa kiume anayekataa kwenda kupimwa.